Unaishi peke yako na kutwa uko kazini: mwongozo wa kuamua kama ufuge paka hapa Lamu

Nianze na kosa langu mwenyewe ndio mjue kwa nini huku chini nimeshikilia sana mambo ya masaa. Mwaka wa kwanza nimehamia chumba cha juu huku Langoni niliokota kapaka kadogo karibu na soko la samaki, macho bado ya buluu, na mi wakati huo sikujua kwamba hawa paka wetu wa mtaani wakiwa na macho ya buluu mara nyingi ni wachanga, bado wa kunyonya. Nikakaweka ndani, kisahani cha maziwa, gazeti pembeni, nikafunga mlango nikakimbilia boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara, kazini. Narudi maghrib imeshaadhiniwa nakuta jirani yangu Bi mkubwa amekaa kwenye daka lake, kile kibaraza cha mlangoni, ananingoja, akaitikia salamu kwa sauti ya chini halafu akaniambia, "Mwanangu, kile kiumbe chako kimelia tangu adhuhuri mpaka sauti imekatika." Nikapanda ngazi mbili mbili. Nilikakuta nyuma ya ndoo ya maji, kameharisha yale maziwa mpaka mkia umegandamana, kakaniona kakafungua mdomo, ukafunguka wote vile wanavyofungua wakilia, na sauti haikutoka.

Bi mkubwa ndiye aliyekaokoa. Alikuwa na paka wake ananyonyesha pale kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, akakaweka katikati ya wenzake, yule mama akakanusa akakalamba, basi. Usiku ule akanikumbusha hadithi ya Mtume (SAW) iliyoko kwa Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie vidudu vya ardhi. Tangu siku hio sijiulizi tena kama napenda paka. Najiuliza mlango ukishafungwa asubuhi huyu mnyama ana nini mpaka nirudi. Mwongozo wote huu unatoka kwenye hilo swali, na wewe anza nalo.

Hatua ya kwanza: andika masaa yako, ya kweli sio ya kudhania

Chukua daftari ama simu, wiki mbili nzima andika umetoka saa ngapi na umerudi saa ngapi. Usiandike vile kazi inavyosema, andika vile ilivyokuwa, pamoja na siku boti ilichelewa kujaa, siku ulipitia harusini, siku ulilala kwa ndugu yako kule kijiji cha Shela. Mi nilidhani niko nje masaa 9, nilipoandika ikaja karibu masaa 12, manake natoka saa 12 na nusu asubuhi na jioni kabla sijafika nyumbani lazima nipite sokoni.

Sasa ulinganishe na paka. Paka mkubwa mzima hulala kama masaa 12 mpaka 16 kwa siku, na yuko macho zaidi alfajiri na magharibi, kwa hivyo mtu wa kazi na paka mkubwa wanapatana vizuri tu, ule wakati yeye anataka kucheza na kula ndio wakati na wewe uko nyumbani. Masaa 8, 9, hata 10 anaweza kama ana maji, ana pahali pa choo, ana dirisha la kuangalia njia. Zaidi ya hapo kila siku, tafuta mtu wa kupita mchana. Na kapaka ka chini ya miezi 4 ni hesabu nyingine kabisa, hako kanataka kula mara 3 au 4 kwa siku na kanataka mwenzake wa kucheza, na usikatoe kwa mama yake kabla ya wiki 8, wiki 12 ni bora zaidi. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa kutoka asubuhi kurudi usiku na uko peke yako, jibu langu kwa kapaka kadogo ka peke yake ni hapana. Chukua mkubwa, au chukua wawili wa mama mmoja waliozoeana, lakini wawili ni chakula mara mbili na dawa mara mbili, usijidanganye hapo.

Hatua ya pili: nyumba, na mwenye nyumba

Hii haina maneno mengi. Ongea na mwenye nyumba kabla, kwa mdomo wako, usingoje akute manyoya kwenye makochi ya watu. Waulize na wenzako wa mlango mmoja kama kuna mwenye pumu. Kama wewe mwenyewe unapiga chafya ukikaa na paka nusu saa kwenye baraza, hio ishakuwa jawabu. Na kama una mimba au unatarajia, choo cha paka kitolewe kila siku na mtu mwengine, au uvae glavu na unawe, kwa sababu kuna kimelea kinatoka na kinyesi cha paka na kinachukua kama siku moja au zaidi mpaka kiwe cha kuambukiza, kwa hivyo kinyesi kisilale.

Halafu panda juu uangalie nyumba kwa jicho la paka. Nyumba zetu za kale zimesongamana, paka anatoka kwa dari ya makuti anapita kwenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, anaingia kwa jirani, hio ni njia yake ya kawaida na huwezi kuifunga yote. Kinachotisha ni dirisha la ghorofa ya pili ya nyumba mpya lisilokuwa na wavu, na lile tangi la maji la kwenye dari lisilokuwa na mfuniko. Funika tangi leo leo, hata kama hutafuga paka.

Kitu kimoja Lamu tumejaliwa, huku ndani ya mji vichochoro ni vya punda na watu, gari hakuna, japo bodaboda kule ufukoni zimezidi. Ukiwa Malindi mjini mambo sio hayo, tuktuk na bodaboda zinapita mpaka mlangoni, paka wa kutoka nje kule ana hatari kubwa, kwa hivyo mtu wa Malindi afikirie paka wa ndani na aweke wavu madirishani kabla hajamleta.

Hatua ya tatu: chagua ni paka wa aina gani ya maisha

Watu wanadhani kufuga paka ni jambo moja. Huku kwetu nimeona ni matatu.

Kuna paka wa kufungiwa ndani kabisa. Huyu ni salama kwa magonjwa na kupigana, lakini kila kitu chake ni wewe, chakula ni wewe, mchezo ni wewe, choo ni wewe. Mtu wa masaa 12 nje simshauri.

Kuna paka wa ndani na nje, analala kwako anatembea mtaa. Huyu ndiye paka wa Lamu haswa, wale wembamba wa miguu mirefu na masikio makubwa, wamezaliwa na hizi dari, ukiwafungia wanahangaika. Lakini huyu lazima awe amefungwa kizazi au amehasiwa, na lazima achanjwe, hakuna mjadala, nitaeleza hapo chini.

Na kuna paka wa baraza, ambaye si wako kwa jina, unamlisha, unamtibu, haingii ndani. Watu wanamdharau huyu wa tatu na mi naona kwa mtu wa kazi anayeishi peke yake ndiye wa kuanza naye. Paka huyu hana haja ya kungojea boti yako ndio apate maji, ana majirani wengine, ana kivuli chake, na wewe unapata kiumbe cha kukulaki ukirudi. Ukihamishwa kazi kesho hajaachwa kwenye chumba kitupu.

Hatua ya nne: mtu wa pili

Hapa nitakaa kidogo, manake hapa ndipo wengi wetu tunaoishi peke yetu tunapoanguka.

Mtu mwenye familia akiumwa, paka analishwa na mtoto. Wewe ukilazwa, ukipelekwa semina Mombasa, ukienda sikukuu kwenu, nani? Usiniambie "kuna watu mtaani." Nitajie jina. Kama huna jina moja la mtu ambaye anaweza kushika ufunguo wako, simamisha hesabu zote hapa mpaka umpate, tena mpate kabla ya paka sio baada.

Na sio mtu yeyote tu, huyo mtu mjaribu. Mwite nyumbani siku moja akae na paka wa baraza, uangalie kama anaogopa kumshika, kama anajua kumbeba kwa kumkinga chini ya miguu ya nyuma. Mwonyeshe chakula kiko wapi na kipimo ni kikombe gani. Mwandikie kwenye karatasi, anakula asubuhi na jioni, maji yabadilishwe kila siku, daktari namba hii, na dalili tatu za kunipigia simu hata kama ni usiku: hajala siku nzima, anatapika mara kwa mara, au dume anaenda chooni anajikamua na mkojo hautoki. Hii ya mkojo nataka muishike sana, paka dume njia ya mkojo ikiziba sio kitu cha kungoja wikendi ipite, ni siku hio hio la sivyo atakufa, na mtu anayeishi peke yake na kushinda kazini ni rahisi sana asione. Mi nachungulia beseni la choo kila asubuhi kabla sijaoga, naangalia kama kuna donge la mkojo. Inachukua kama dakika moja.

Mlipe huyo mtu. Kama hataki pesa mpelekee samaki, mletee kitu ukitoka safari, lakini usifanye mazoea ya bure, fadhila ya bure ikirudiwa inachosha hata kama mtu ni mwema. Na usimwache paka zaidi ya siku moja bila jicho la binadamu kumwona, hata kama umejaza bakuli mpaka juu.

Hatua ya tano: pesa, na hapa toa kalamu

Bei zinabadilika sana huku kisiwani kwa sababu kila kitu kinakuja kwa boti, kwa hivyo sitawatajia, nitawapa vipimo na wewe ukaulize bei mwenyewe dukani.

Paka wa kilo 4 akila chakula kikavu cha dukani anataka kama gramu 50 mpaka 60 kwa siku, yaani chini kidogo ya kilo 2 kwa mwezi. Zidisha na bei ya kilo. Maji anahitaji kama robo lita kwa siku, sehemu inatoka kwenye chakula kama ni cha majimaji, na maji mpe yale unayokunywa wewe, sio ya kisima cha chumvi.

Najua mtu atasema huku samaki wamejaa, vichwa vya bure. Ni kweli, na mi nawapa, lakini samaki peke yake kila siku sio chakula kamili kwa paka, na samaki mbichi kwa wingi unamharibia vitamini mwilini. Mpike bila chumvi wala kitunguu wala kitunguu saumu, hivi viwili ni sumu kwao, toa miba, na uchanganye siku na siku na kuku au maini kidogo au chakula cha dukani. Maziwa achana nayo, paka wengi wakubwa hayawakai tumboni, na nimeshawaambia kapaka kangu kalivyoharisha.

Na kwa joto letu chakula cha majimaji kikiachwa asubuhi mpaka jioni kimeoza na sisimizi wameshajipanga mstari. Mimi asubuhi naacha kikavu, jioni nikiwepo ndio natoa samaki, na kile kisahani nakiweka katikati ya sinia lenye maji kidogo, sisimizi hawavuki. Hii nimefundishwa na Bi mkubwa.

Choo: beseni pana la kufulia na vumbi la mbao, lile la randa, linapatikana kwa mafundi wa milango, omba gunia. Hakikisha halina rangi wala vanishi. Mchanga wa kawaida pia sawa lakini tafadhali msichote kwenye matuta ya mchanga ya Shela, yale matuta ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji ya kisiwa chetu.

Halafu daktari. Kabla hujachukua paka uliza ni nani anatibu paka hapa kisiwani wiki hii, sio mwaka jana, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti, uliza wenye paka. Hospitali ya punda iko hapa tangu 1987 lakini kazi yake ni punda, usifike pale na paka mahututi ukidhani ndio umefika, uliza mapema nani anatibu nini. Weka akiba ya matibabu kabla, pahali tofauti na pesa za kodi. Vitu vya lazima ni hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12 na kurudia kwa tarehe atakayokupa daktari, chanjo za mafua na tumbo za paka, dawa ya minyoo, na kufunga kizazi kama miezi 4 mpaka 6. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, wewe bado unamwona mtoto, na mimba ni kama siku 63 mpaka 65, kwa hivyo ukichelewa kidogo tu, kabla mwaka haujaisha una paka 5 kwenye chumba kimoja na hapo ndipo watu wanawabeba kwenye gunia kwenda kuwatupa sokoni. Naumia sana nikiona lile gunia.

Na dawa za kujitibia msiwape. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Dawa za viroboto za mbwa na zile za kuogeshea mbuzi msiwapake. Wewe mwenyewe ukikwaruzwa au ukiumwa na paka usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hio hio, usingoje jeraha livimbe.

Hatua ya sita: jaribio la siku 30 kwenye baraza

Usilete paka ndani kwanza. Chagua yule ambaye tayari anakuja mlangoni kwako, mlishe asubuhi na jioni, wakati ule ule, siku 30 mfululizo. Kila siku uliyofanya yote mawili weka alama kwenye kalenda. Siku ulizokosa weka msalaba, na uandike sababu, "semina", "nimechoka", "nimelala nje."

Mwisho wa mwezi usome ile kalenda peke yako. Misalaba ikizidi 4 au 5, maisha yako ya sasa hayana nafasi ya paka wa ndani, na ni afadhali uyajue hayo yule paka akiwa barazani anakotoka mwenyewe akala kwa jirani, kuliko akiwa nyuma ya mlango. Ikiwa misalaba ni michache, angalia sababu, zile za "nimechoka" zinanitia wasiwasi kuliko za safari, manake safari ina mtu wa pili, uchovu wako nani ataubeba?

Pia huo mwezi paka mwenyewe atakujibu. Wengine wanataka chakula tu, ukinyoosha mkono wanarudi nyuma, hao waache na baraza lao. Mwengine ataanza kukungoja, atajisugua kwenye shuka la kikoi, atalala kwenye ndara zako. Mwangalie na sikio, ukiona ncha ya sikio moja imekatwa kidogo kwa mstari ulionyooka mara nyingi ina maana alishafungwa kizazi, hakikisha na daktari.

Hatua ya saba: jiulize habari ya miaka 15

Paka anayetunzwa anaishi miaka 12 mpaka 15, wengine zaidi. Wewe una mkataba wa miaka mingapi? Sisi wengi wa ofisi za ng'ambo ya Mokowe, walimu, manesi, watu wa bandari tangu ile gati ya kwanza ifunguliwe 2021, barua ya uhamisho inaweza kuja wakati wowote. Amua leo kama utaenda naye, na kama utaenda naye ujue ni boti halafu basi la masaa mengi kwenye tenga, au kama atabaki na nani. Kuna nyumba nimeona mwenyewe mpangaji amehama na paka ameendelea kukaa kwenye ngazi ile ile wiki baada ya wiki akiangalia mlango. Kama huwezi kujibu hili, paka wa baraza ndiye wako, na sio aibu kabisa.

Hatua ya nane: ukisema ndio

Mlete Ijumaa jioni ili uwe na siku mbili naye, na mpeleke kwa daktari kabla ya kumpandisha ndani. Mbebe kwenye tenga la kuku lenye mfuniko, tandika nguo yako chakavu iliyo na harufu yako. Mwache kwenye chumba kimoja, akijificha chini ya kitanda usimvute, kaa sakafuni usome kitu, atatoka mwenyewe usiku. Wiki mbili mpaka tatu usimwachie nje, ajue kwanza hapa ndio kwake. Jumapili fanya jaribio la kutoka, toka nusu saa, rudi, toka masaa mawili, rudi, na umuulize jirani kama amelia.

Wangu alimwaga mama yake mwaka huo huo, ni yule yule wa nyuma ya ndoo, Bi mkubwa alinirudishia akiwa na miezi 5, ameshafungwa kizazi, tena alinirudishia baada ya kunihesabia siku zangu 30 yeye mwenyewe. Mchana anashinda kwenye kiwanda chake, magharibi anapanda ngazi zangu. Ufunguo wangu wa pili umetundikwa kwa Bi mkubwa, kwenye msumari nyuma ya mlango wa uani, na chini yake liko kopo la chakula lenye kikombe cha kupimia ndani.